Malkia Hayumo Bustanini

Mji unaitwa Hilo. Hilo gani? Hilo hilo. Mzaha huu nilikuwa nao tangu siku dada yangu aliponipigia simu ya kwanza kutoka kule, na nilipotua, kabla hata sijashusha begi, akaniwahi: "Haya, umefika Hilo. Mzaha umeisha."

Hilo iko mashariki mwa kisiwa kikubwa cha Hawaii, upande wa mvua. Hapo hunyesha zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya Mombasa. Ukiuliza mvua itaisha saa ngapi wanakuangalia tu. Dada ni nesi, ana zamu za ajabu, na siku yangu ya pili alinipeleka Bustani ya Liliʻuokalani. Hakunipeleka kama mtalii. Ndiko huenda kula chakula chake kabla ya kazi.

"Ni bure, kuna kivuli, na hakuna mtu anakuuliza unangoja nani," aliniambia.

Kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko zote bustani inaweza kupewa, na nitaanza nayo kabla sijaanza kulalamika. Natoka Nairobi, ambako Arboretum unalipa langoni, na ambako mwaka 1989 Wangari Maathai alilazimika kupigana na serikali nzima ili Uhuru Park isigeuzwe jengo la ghorofa 60. Najua nafasi ya bure ya kukaa chini ya mti inavyopiganiwa. Hapa kuna ekari zaidi ya 20 kando ya bahari, hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna mlinzi wa kukufukuza kwenye nyasi. Bibi mmoja alikuwa amelala kabisa, viatu kando, magazeti usoni. Safi.

Lakini mimi kazi yangu ni kuhakiki, na bustani, kama kitabu, imeandikwa na mtu. Kuna aliyeamua uone nini kwanza, uzungukie wapi, nini kifichwe nyuma ya mwanzi mpaka ukifikie, na nini usikione kabisa. Nilitembea humo siku nne mfululizo, mara mbili nikiwa na dada na mara mbili peke yangu, na kila siku swali lilikuwa lilelile: hii bustani inamkumbuka nani?

Ukiuliza, utajibiwa haraka. Ni bustani ya Kijapani, iliyotengenezwa kuwaenzi wahamiaji wa Kijapani waliokuja Hawaii kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Mwaka 2017 ilitimiza miaka 100. Ina madaraja yaliyopinda kama mgongo wa paka, taa za mawe, lango la torii, nyumba ya chai, na bwawa ambalo njia zote hulizunguka. Wenyeji hupenda kusema ni miongoni mwa bustani kubwa za aina hii nje ya Japani. Sikupima.

Sasa, hapo kwenye "kuwaenzi wahamiaji" ndipo nilipokwama.

Bustani ya aina hii, ya kuzunguka bwawa polepole huku mandhari ikijifungua kipande kwa kipande, ilikomaa Japani enzi za mabwana wakubwa, wale daimyo waliomiliki majimbo. Ilikuwa starehe ya mtu mwenye muda. Unatembea, unasimama, unatazama jiwe, unakunywa chai, unatunga shairi. Nao watu waliokuja Hawaii ni kina nani? Walikuwa wakulima, wengi kutoka Hiroshima, Yamaguchi na Kumamoto, watu ambao huko kwao wangeiona bustani kama hii kwa juu ya ukuta, tena wakiwa wamebeba mzigo.

Mwaka 1881 Mfalme Kalākaua wa Hawaii alifika Japani katika safari yake ya kuizunguka dunia, na miongoni mwa mambo aliyoomba ni watu. Magonjwa ya wageni yalikuwa yamewamaliza raia wake, na mashamba ya miwa yalitaka mikono. Februari 1885 meli iitwayo City of Tokio ikatia nanga Honolulu na watu zaidi ya 900. Kufikia 1894 walikuwa wamekuja karibu 29,000 chini ya mikataba ya serikali mbili. Mkataba ulisema siku 26 kwa mwezi, saa 10 kwa siku shambani, nyapara juu ya farasi. Kila mtu alipewa kibati chenye namba cha kuvaa, na dukani, kwenye malipo, kwenye adhabu, aliitwa kwa namba hiyo. Kibati chenyewe kiliitwa bango, kutokana na neno la Kijapani la namba.

Bango. Nilipolisoma neno hilo nilicheka kwanza, kwa sababu ya Kiswahili. Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu Mkenya yeyote aliyemsikiliza babu yake anajua kibati cha kuvaa shingoni. Sisi tulikiita kipande. Wao shamba la miwa, sisi shamba la mzungu wa kahawa, na miaka haipishani sana.

Kwa hiyo fikiria: unataka kuwakumbuka watu waliovaa bango, na ukumbusho unaowajengea ni bustani ya yule bwana aliyekuwa akiwatoza mpunga. Ni kama tuamue kuwaenzi makuli waliojenga reli ya Mombasa kwa kujenga kasri la maharaja pale stesheni. Kasri litapendeza, ndiyo. Watu watapiga selfi. Lakini kuli yuko wapi?

Mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Hilo kuna mji unaoitwa Honokaʻa. Huko aliishi Katsu Goto, aliyekuja na ile meli ya kwanza, akamaliza mkataba wake shambani, akafungua duka. Alijua Kiingereza, kwa hiyo wafanyakazi walimjia awatafsirie na kuwasemea. Usiku wa tarehe 28 Oktoba 1889 walimkamata njiani, na asubuhi akakutwa ananing'inia kwenye nguzo ya simu. Honokaʻa ina kumbukumbu yake. Ila ukikaa kwenye daraja jekundu la Hilo, ukitazama taa za mawe zikijitazama majini, hakuna kitu katika umbo la mahali kinachokuambia kwamba uhamiaji huu ulikuwa na kamba ndani yake. Bustani imelainisha kila kitu. Imechukua historia ya jasho na kuifanya historia ya ladha nzuri.

Nilimwambia dada haya tukiwa tunakula. Akatafuna, akameza, akasema, "Sasa ulitaka wajenge shamba la miwa? Watu walichoka na miwa, bro."

Ana hoja, na imenisumbua mpaka leo. Pengine mtu aliyekata miwa maisha yake yote, akiambiwa achague ukumbusho, atachagua hichohicho alichonyimwa: muda, kivuli, maji yaliyotulia, daraja lisilokuwa na kazi yoyote ila kuvukwa. Pengine kuingia bure kwenye bustani ya bwana, na watoto wako, Jumapili, ndiyo heshima yenyewe. Nakubali nusu. Nusu nyingine siwezi, na sababu ni jina.

Maana bustani hii haiitwi kwa jina la mhamiaji yeyote. Inaitwa Liliʻuokalani.

Liliʻuokalani alikuwa dada yake Kalākaua, na malkia wa mwisho wa Hawaii. Tarehe 17 Januari 1893 kikundi cha wafanyabiashara na mawakili, wengi wakiwa na mkono kwenye sukari, wakamwondoa madarakani, huku wanajeshi wa Marekani wakiwa wameshuka kutoka melini na kujipanga karibu na ikulu yake. Mwaka 1895, baada ya wafuasi wake kujaribu kumrudisha, alifungwa kwenye chumba kimoja cha ikulu hiyohiyo. Mwaka 1898 Marekani ikaitwaa nchi. Alifariki Novemba 1917, mwaka uleule ambao bustani inahesabu kuwa wa kuzaliwa kwake. Mwaka 1993 Marekani iliomba radhi kwa maandishi. Ardhi haikurudi.

Sasa angalia hesabu. Sukari ndiyo iliyowaleta Wajapani. Sukari ndiyo iliyomwangusha malkia. Halafu chini ya serikali iliyotokana na anguko lile inatengenezwa bustani, inapewa sura ya Japani na jina la malkia, na neno sukari halisikiki humo. Ni uandishi wa hali ya juu, ukiutazama hivyo. Wahusika wawili waliodhulumiwa na mtu mmoja wamewekwa ukurasa mmoja, na huyo mtu mmoja ametoka kimyakimya kwa mlango wa nyuma.

Tena malkia huyu alikuwa na bustani yake, na nadhani ndiyo maana nimekasirika zaidi. Oktoba 1894, wakati mikutano ya siasa ya watu wake ilikuwa hatari, wafuasi wake walikusanyika Pauoa, Honolulu, kwenye ardhi yake, wakapanda maua. Kupanda maua si mkutano, au sivyo? Kila mmea ulikuwa na maana yake, na kila aliyekuwepo aliielewa. Mahali hapo paliitwa Uluhaimalama. Alipofungwa mwaka uliofuata, maua kutoka bustani hiyo yalipelekwa chumbani kwake yakiwa yamefungwa kwa magazeti, na yeye, aliyekatazwa habari, akayanyoosha magazeti akasoma. Hiyo ndiyo bustani ya Liliʻuokalani. Baadaye Uluhaimalama ikageuzwa makaburi.

Ile ya Hilo ina jina lake na haina ua lake. Namaanisha katika mpango wenyewe, katika kile ambacho macho yanaelekezwa kukitazama: mawe, madaraja, taa, maji, vyote vinaongea Kijapani. Malkia amebaki kibaoni.

Tusijifanye hatujui mchezo huu. Dedan Kimathi ana barabara katikati ya Nairobi, na tangu 2007 ana sanamu kwenye barabara hiyo, nywele zake za msitu, bunduki mkononi. Kaburi hana. Alinyongwa Kamiti mwaka 1957 na familia yake imezeeka ikitafuta mifupa. Jina ni kitu cha bei rahisi sana kumpa mtu. Halili nafasi, halidai shamba.

Nirudi bustanini, kwa sababu sijasema kinachofanya mahali hapa pastahili kuandikwa, na sitaki uondoke ukidhani nilichukia. Nilipapenda. Nilipapenda hasa pale ambapo mpango wa bustani unashindwa.

Chukua bustani kavu. Ni ile sehemu ya kokoto zinazochanwa kwa reki mpaka zifanane na mawimbi, na mawe makubwa yawe kama visiwa. Ujanja wake wote ni kuonyesha maji bila maji. Unaitazama kimya na akili yako inajaza bahari. Haya, sasa iweke Hilo. Siku zote nne nilizokuja, kokoto zilikuwa zimelowa chapa, mvua imefuta nusu ya mistari, na hatua chache tu kutoka hapo bahari yenyewe inapiga kelele. Mawe yenyewe ni lava, meusi, yamejaa vitundu kama mkate wa mofa, na yalikuwapo kabla ya bustani. Nilisimama pale nikicheka. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya ukavu na ukimya kimepandwa mahali ambapo hakuna hata kimoja. Na kikawa kizuri kwa namna ambayo sidhani ilipangwa.

Au chukua misimu. Bustani ya Kyoto ni saa ya mwaka: mcheri unachanua, mepo unakuwa mwekundu, theluji inakaa juu ya taa ya jiwe. Taa nyingine zina kofia pana kabisa kwa ajili ya theluji hiyo. Hilo hakuna baridi ya kuuambia mti kwamba mwaka umegeuka. Zile taa zimevaa kofia zikingoja theluji ambayo haitashuka. Badala yake zimeota ukoga, zimekuwa za kijani, na juu ya mojawapo nilimkuta mjusi amejinyoosha kama mwenye nyumba. Pembeni, kwenye barabara ya Banyan Drive, kuna mibanyani mikubwa iliyopandwa na watu mashuhuri miaka ya 1930, Babe Ruth, Amelia Earhart, Rais Roosevelt, kila mmoja na kibao chake. Mbanyani ni ndugu wa mugumo wetu, na kama mugumo haujali kibao. Mizizi imeshuka kutoka hewani, imegeuka mashina, na sasa huwezi kujua ni wapi mti wa Earhart ulipoanzia.

Theluji ipo, lakini mbali. Wajapani wana ufundi unaoitwa shakkei, kuazima mandhari: unaipanga bustani yako ili mlima wa mbali, usio wako, uonekane kama umeuchora wewe. Asubuhi ya tatu mawingu yalifunguka kwa dakika kama kumi, na ng'ambo ya ghuba ukatokea Mauna Kea, mita 4,207, una weupe kileleni. Sisi wa mlima wenye theluji karibu na ikweta jambo hilo halitushangazi, lakini nilinyamaza. Kwa Wahawaii huo ni mlima mtakatifu. Mwaka 2019 wazee wao walikaa barabarani kuzuia darubini nyingine kubwa isijengwe juu yake, na polisi wakawakamata mmoja mmoja. Kwa hiyo bustani inaazima mlima, na wanasayansi nao wanataka kuuazima, na wenyewe wamekaa chini kwenye lami wakisema hapana. Kwetu ukiazima hata sufuria, kwanza unapiga hodi.

Lakini kubwa kuliko yote ni bwawa. Kwa kawaida bwawa la bustani ya Kijapani ni kioo. Hili limeungana na bahari. Maji yanajaa na kupwa. Asubuhi ukija yamejaa, daraja linajitazama, kila mtu anapiga picha. Ukirudi jioni yamekupwa, na kioo kimegeuka tope, mawe yenye chaza, kaa wanakimbia kando kando, na harufu ile ambayo mtoto yeyote wa Pwani anaijua puani. Watalii waliokuja saa hiyo walionekana kama wamekosea tarehe. Mimi ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Saa ya maji kupwa bustani inaacha kujifanya. Unaona iko wapi.

Na iko mahali pa hatari. Tarehe 1 Aprili 1946 tsunami ilitoka visiwa vya Aleutian ikaipiga Hilo. Usiku wa kuamkia Mei 23, 1960 ikaja nyingine, kutoka Chile, ng'ambo ya bahari nzima. King'ora kilikuwa kimelia mapema jioni ile, lakini wengi hawakuondoka. Watu 61 walikufa. Kulikuwa na mtaa wa Wajapani hapo ufukweni ulioitwa Shinmachi, yaani mji mpya, maduka, nyumba za mbao, watu waliokwisha kuuvua bango wakaanza biashara zao wenyewe. Ulijengwa tena baada ya 1946. Baada ya 1960 haukujengwa tena. Ukiendesha gari kando ya ghuba leo unashangaa mji gani huu una nyasi nyingi namna hii mahali ambapo kwingine pangekuwa na hoteli. Nyasi hizo ni Shinmachi. Njiani kuna saa ya barabarani iliyosimama tangu usiku ule na ikaachwa hivyo makusudi. Inaonyesha saa saba na dakika nne.

Bustani nayo ilipigwa mara zote mbili, na mara zote mbili ikarudishwa. Hapo ndipo hoja yangu kuhusu bustani ya bwana inapoanza kulegea. Kitu kinaweza kuanza kama starehe ya daimyo, au pambo la wakubwa wa sukari, lakini wajukuu wa wakata miwa wakishaokota mawe yake kwenye tope mara mbili, wakayapanga tena, ni vigumu kuwaambia si yao. Wamelipia.

Kwa malkia sina jibu kama hilo. Najua kwamba kila Septemba, mwezi aliozaliwa, humo bustanini hufanyika tamasha la kumkumbuka, na hula inachezwa kwenye nyasi. Sikuwa huko Septemba. Naweza kuamini kwamba siku hiyo moja jina lile kwenye kibao linapata mwili, na kwamba wachezaji wanafanya kile ambacho wachoraji wa bustani hawakukifanya. Zimebaki siku 364.

Siku ya mwisho tulivuka daraja dogo la miguu kwenda Moku Ola, kisiwa kidogo kilicho mbele ya bustani. Maana yake ni kisiwa cha uzima. Zamani mgonjwa aliletwa hapo kuoga apone. Hakuna taa ya mawe. Kuna nyasi, minazi, na mnara wa zamani wa mawe ambao watoto wanaupanda na kujirusha baharini. Walikuwa kama kumi, wa kila rangi, wakipigiana kelele kwa ile pijini ya huko ambayo mababu zao waliitengeneza mashambani ili Mjapani, Mreno, Mfilipino na Mhawaii waelewane mbele ya nyapara. Msichana mmoja mdogo alisimama juu kwa muda mrefu, amejikumbatia, wenzake wakimhesabia kutoka chini. Nilitaka kuona kama ataruka.

Dada akaangalia simu. "Twende. Zamu inaanza saa tisa."

"Subiri kidogo."

"Ataruka tu. Wote huruka."

Mvua ilikuwa imeanza tena.